Nani anaalika? Kuhusu filamu Benda Bilili! na sikukuu za masomo yetu

Bandugu na badada wa chama, leo sitaongea juu ya mihindi wala mbolea. Najua wengine mutasema: agronome naye anatafuta nini mu mambo ya sinema? Muniache kidogo. Kuna kitu kinanisumbua tangu miaka kadhaa, na filamu moja imenikumbusha.

Mbele ya kupata lisansi nilifundisha bayolojia mwaka mmoja ku masomo moja hapa Kolwezi, jina sitaitaja. Siku ya proklamasio, kiisha kusoma matokeo, kulikuwa sikukuu: muziki, sukre, bukari na kuku, kudansa. Mu darasa la tano tulikuwa na kijana mwenye kutembea na magongo juu ya polio. Mkubwa mmoja wa masomo akaniambia: "Mwalimu, huyu umuweke mbele, watu wamuone." Nikamuweka mbele, karibu na bamama wa komite ya wazazi. Akapewa zawadi, madaftari na sabuni. Picha zikapigwa. Kiisha muziki ikaanza, viti vikasukumwa ku ukuta ili watu wapate fashi ya kudansa, na yeye akasukumwa pamoja na kiti chake. Akabakia pale mpaka magharibi, sahani ya kuku ku magoti. Miye njo nilikuwa napanga viti. Na nilirudi nyumbani nikiwaza kama tulimtendea muzuri.

Sasa filamu. Benda Bilili! ni ya Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, na ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Niliiona juzi kwa rafiki, Manika, umeme ikikatika mara mbili. Inafuata kundi la muziki la Kinshasa, Staff Benda Bilili. Wengi wao polio iliwavunja miguu wakingali watoto, na wanatembea na vikinga vya magurudumu matatu vya kuzungusha na mikono. Jina lao, kwa Lingala, linaeleweka kama: tazama zaidi ya sura ya nje. Walikuwa wakifanya mazoezi ndani ya bustani ya wanyama ya Kinshasa, na albamu yao Très Très Fort ya mwaka 2009 ilirekodiwa palepale, inje, chini ya miti, umeme ukivutwa na kamba ndefu kutoka buvette.

Wengi wanaipenda filamu hii juu inatia moyo. Miye hiyo "inatia moyo" inanichosha. Prefe pia alisema sikukuu yetu ilitia moyo. Kilichonigusa kiko mu sehemu ya kwanza. Kuna mtoto wa barabarani, Roger Landu, miguu yake mizima, anapiga satonge: kopo, kijiti kilichopinda, na uzi mmoja tu. Ricky Likabu, mkubwa wa kundi, anamsikiliza, kiisha anamwingiza. Wanamfundisha, wanamkaripia akicheza vibaya, wanamuuliza kama amekula. Nilisimamisha filamu hapo. Mbele yangu kulikuwa mlemavu ambaye anaalika, na mzima ambaye anaalikwa. Mu miaka yote ya masomo, msingi mpaka univ, sijaona hata siku moja kitu hicho kikigeuka hivyo.

Na tazameni namna wanavyodansa. Mmoja wao, Djunana, anashuka ku kinga na kudansa chini, mwili wote, mbele ya watu. Hakuna aliyemwambia "leo tunakupatia nafasi". Jukwaa ni lao, mpangilio wa nyimbo ni wao, hata ugomvi ni wao. Wana wimbo juu ya polio, unawaambia wazazi wapeleke watoto kupata chanjo. Ninyi wenye kukaa Musonoie ao Luilu munajua bamama wangapi wangesikiliza hiyo haraka kuliko afisi ya afya yenye mikrofoni. Anayesema ni mtu ambaye ugonjwa ulimpitia.

Lakini filamu iko na makosa yake. Miaka kama mitano inakimbia kama mtu wa wewa asiye na breki, na yote inapanda kuelekea taa za Ulaya, tamasha la Eurockéennes pale Belfort, watu wengi wakipiga kelele. Hapo njo filamu inatuambia tufurahi. Kwa nini kelele ya Belfort iwe na uzito kuliko jioni moja ku bustani ya wanyama? Namna hiyo mtazamaji anatoka akiwaza kwamba mlemavu anakubalika siku wazungu wanapomupigia makofi. Tena kundi ni la wanaume watupu, na kamera haiulizi wasichana wenye ulemavu wako wapi. Ku sikukuu zetu wao hata mbele hawawekwi, wanabakia nyumbani "juu ya njia mbaya". Na mambo ya feza, nani aliandika kontra, nani alipata ngapi, yanapitiwa juu juu. Mwaka 2013 kundi likagawanyika. Coco Ngambali na Theo wakatoka, wakaanzisha Mbongwana Star. Mwisho wa filamu haukunitayarisha hata kidogo kwa hiyo habari.

Kuna mtu atasema: sheria iko. Kweli iko. Kongo iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 30 kinataja waziwazi michezo na burudani za watoto, hata zile za masomo. Kiisha ikaja sheria yetu ya tarehe 3 Mei 2022. Tukisikia sheria tunawaza njia ya mteremko ku mlango, na ni lazima ijengwe, mifuko michache ya simenti haiwezi kushinda masomo ya mji wenye kuchimba shaba namna hii. Lakini yule kijana wangu aliingia ndani. Mlango haukumzuia. Kilichokosa ni kwamba mu komite ya sikukuu, watu saba tulioandika programu kwa Bic ku ubao, hakuna aliyekuwa na wazo la kumuuliza kitu. Baadaye nilipata kusikia kwamba ku kanisa lao njo yeye anapiga gitaa ya solo.

Chama chetu kinatayarisha sikukuu ya mwezi wa nane. Kiisha kuona filamu nilitafuta namba yake. Sasa eko univ, mwaka wa pili. Nilianza kuandika "Utakuja?", nikafuta. Nikamwandikia: "Tunatafuta mtu wa kusimamia muziki yote, kuchagua kundi na kulipa. Unaweza?"

Jibu lilikuja usiku, bila salamu: "Bajeti ni ngapi? Na jenereta ni ya nani? Ile ya mwaka jana sitaki."