Hongera, Fundi wa Ofseti
Kitabu kikipendeza, sifa humwendea mwandishi. Leo mimi namvulia kofia yule mwenye vidole vyeusi anayesimama kando ya mashine ya ofseti.

Kazi yake imesimama juu ya ugomvi wa mafuta na maji. Alois Senefelder aliutumia huko Bavaria, Ujerumani, tangu miaka ya 1790, akichapa kwa jiwe la chokaa. Siku hizi ni bamba la alumini, ila siri ni ileile: penye picha hupokea wino wa mafuta, patupu hushika maji na kuukataa wino. Na maji hayo si ya bomba hivi hivi. Hutiwa tindikali kidogo na gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudani.

Ufundi uko kwenye kipimo. Maji yakipungua, patupu huchafuka na ukurasa mzima hupata ukungu. Yakizidi, weusi hugeuka kijivu, karatasi hulowa na kutanuka, na rangi hazikutani tena: mdomo wa bibi harusi huhamia shavuni! Tena wino wenyewe lazima unywe maji kidogo ndipo utembee vizuri. Kidogo kiasi gani? Fundi mzoefu hutazama mng'ao wa bamba, husikiliza mlio wa rola, kisha hugusa kirekebishi kidogo tu.

Msomaji, ukifungua gazeti asubuhi ukakuta herufi nyeusi tii juu ya karatasi safi, jua kuna mtu alikesha akipima maji.