Heko kwa Dirisha Moja

Anayefungua kinu cha kusagia muhogo Kadutu, mjini Bukavu, anajua kwamba mashine ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni karatasi. Ndiyo maana natoa pongezi za dhati kwa Guichet Unique, dirisha moja la kuanzisha kampuni, lililoundwa na serikali mwaka 2012, mwaka uleule Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Badala ya kuzunguka ofisi hadi ofisi, mfanyabiashara hupeleka faili moja na kupata namba ya RCCM (daftari la biashara), Idnat (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi.

Muuzaji mdogo naye ana patente, kibali cha biashara ndogo. Tazama ilivyotundikwa ukutani, juu ya magunia, imefunikwa plastiki isiingie vumbi la unga. Kwa mama mwenye kinu, ile karatasi ni heshima.

Baada ya karatasi huja umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wa kuendesha mashine. Kituo cha Ruzizi I kimekuwa kikizalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa maji yatokayo ziwa Kivu. Kila karani anayepokea faili kwa uaminifu, na kila fundi anayepanda nguzo, anafungua mlango wa riziki.