Mashine ya kusafisha hewa kwenye nyumba isiyo na dari

Boksi la mashine ya kusafisha hewa huwa na namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: inafaa chumba cha mita za mraba 40, au 50, au 60. Mnunuzi wa Mbamba Bay mwenye chumba cha mita 3 kwa 4 akiisoma ataona amepata mashine na ziada juu. Asiiamini haraka. Namba hiyo haisemi dari iko juu kiasi gani, wala hewa ya chumba itapita kwenye chujio mara ngapi kwa saa. Kiwanda kikiamua kuhesabu mara moja badala ya mara tano, eneo linakua mara tano kwenye boksi bila mashine kubadilishwa hata skrubu.

Namba ya kutafuta ni ile iliyo kando ya herufi CADR: ujazo wa hewa safi ambao mashine inatoa kwa saa. Hupimwa kwa moshi, kwa vumbi na kwa chavua, na wewe chukua ya moshi, maana chembe zake ndizo ndogo kuliko za vile vingine. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya nyumbani cha Marekani, AHAM, kimeweka kanuni ambayo ukiichambua inataka hewa ya chumba chenye dari ya futi 8 isafishwe karibu mara 5 kwa saa. Kwa mita zetu hesabu ni nyepesi: urefu mara upana mara kimo, kisha zidisha kwa 5. Chumba chetu cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 32.4, kwa hiyo kinahitaji CADR ya mita za ujazo 162 kwa saa.

Hapo ndipo maelezo mengi ya mauzo huishia, na hapo ndipo kazi ya huku kwetu inapoanza.

Nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Nyasa hazina dari. Kuta za vyumba zinapanda hadi usawa wa kenchi na kuishia hapo. Juu ni bati tupu, wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Ukilala ukamsikia wa chumba cha pili anakoroma, jua hewa yenu ni moja. Basi chumba cha kupima si kile cha mita 3 kwa 4 tena. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 9, ukuta wa mita 2.7, bati likipanda mita 1.5 hadi kwenye mgongo wa paa. Kuta zinatoa mita za ujazo 194, paa linaongeza 54, jumla inakaribia 250. Mara 5 ni zaidi ya 1,200 kwa saa. Mashine ya 162 uliyoinunulia chumba kimoja imegeuka pambo lenye taa ya kijani.

Tatizo la pili ni hewa inayoingia. Tuseme uchafu unatoka nje: kuni za jirani, moto wa kubanikia samaki, takataka zinazochomwa jioni, vumbi. Chumba chenye dari, kilichofungwa vizuri, hubadilishana hewa na nje tuseme mara 1 kwa saa. Mashine inasafisha mara 5, nje inaingiza mara 1, na ndani kinabaki karibu sehemu 1 kati ya 6 ya uchafu wa nje. Sasa fungua dirisha la wavu upepo wa ziwa upite, hewa ibadilike mara 10 kwa saa. Kinachobaki ni sehemu 10 kati ya 15, yaani theluthi mbili. Mashine ileile, uniti za umeme zilezile. Kuirudisha ile 1 kati ya 6 ungehitaji kusafisha mara 50 kwa saa: mashine 10 kwenye chumba cha kitanda kimoja.

Ndiyo maana mashine moja inaweza kusifiwa Mbinga mjini na kulaaniwa Mbamba Bay, na wote wawili wakawa wakweli. Kati ya miji hiyo ni kilomita 66 za lami, lakini Mbinga iko milimani, ambako mwezi wa Juni watu hufunga madirisha mapema kwa baridi. Mbamba Bay iko kando ya ziwa lisilofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Oktoba kumwambia mtu alale amefunga dirisha ni kumwonea. Tena kuna yale mawingu ya wadudu wadogo yanayonyanyuka ziwani, kwa mbali ukadhani ni moshi wa meli. Wakifuata taa hadi ndani, wanajaa kwenye wavu wa nje wa chujio, na mashine iliyozibwa haitoi tena ile CADR ya kwenye boksi. Wavu huo utolewe na kupigwa brashi kila wanapopita. Chujio lenyewe la ndani, liitwalo HEPA, usilioshe, isipokuwa kiwanda kimeandika kwamba linaoshwa.

Jambo jingine dogo linalowaponza wengi: CADR hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Usiku hakuna anayeivumilia kelele ile. Anaipunguza, na usafishaji unapungua nayo. Nunua mashine ambayo kasi yake ya kati inakutosha. Kwa chumba chetu, tafuta ya 250 hivi, na kabla ya kulipa uliza chujio la kubadilishia linapatikana wapi, maana likiagizwa kutoka Dar es Salaam na mtu akachoka kusubiri, mashine itaendesha feni tu.

Je, fedha hiyo isingewekwa jikoni? Swali ni zuri, lakini kuna funzo la ng'ambo. Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, Karonga ikiwa kando ya ziwa hilihili, watafiti walifuatilia watoto 10,750 ambao nusu ya vijiji vyao vilipewa majiko ya kuni yenye feni, yanayotoa moshi kidogo. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwishoni mwa 2016: nimonia haikupungua. Watoto walioungua walipungua, na hilo si dogo, lakini moshi wa takataka, wa sigara na wa majirani uliendelea kuingia kama kawaida. Ukiziba tundu moja na kuacha mengine, kipimo hakisogei.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi kwa mwambao huu ni huu: moto wa kubanikia uhamishwe upande ambao upepo hauuleti dirishani, kisha chumba kimoja tu, cha mtoto mwenye pumu au mzee, kipigwe dari na kuzibwa mianya ya juu ya ukuta. Mashine ije mwisho, ipimwe kwa chumba hicho. Asiye na uwezo wa dari asinunue mashine.

Na kabla ya kufunga mlango wa chumba hicho, jiko la mkaa litoke nje. HEPA hunasa chembe. Kaboni monoksaidi ni gesi, inapita kwenye chujio bila kuguswa, na katika chumba ulichokiziba vizuri inaua.