Ufundi wa Kuchambua Tiketi

Django, programu huria ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ilitolewa kwa umma mwaka 2005. Tangu hapo, anayekumbana na hitilafu au mwenye pendekezo anaweza kuandika tiketi, na namba za tiketi hizo zimeshavuka 36,000. Foleni ndefu namna hiyo ingekuwa jaa. Haijawa, kwa sababu wapo wanaoichambua, na ustadi wao unastahili kutazamwa.

Inaingia tiketi ya mstari mmoja: nimehamia toleo jipya, orodha ya bidhaa zangu inajirudia. Mchambuzi stadi hakimbilii kurekebisha wala kubisha. Kwanza anatafuta kama jambo hilo limesharipotiwa; akilikuta, anaifunga tiketi mpya na kuelekeza kwenye ile ya awali. Asipolikuta, anaunda mradi mdogo kabisa, modeli mbili na mistari michache ya msimbo, aone kama kosa linatokea na kwake. Likitokea, anaipasua historia ya msimbo nusu kwa nusu kwa amri ya git bisect: nusu hii nzima, ile ina kosa, basi nayo ipasuliwe. Mabadiliko 1,000 humalizika kwa majaribio kama 10, na lile lililoleta kosa hubaki peke yake. Malalamiko ya mstari mmoja sasa yana chanzo, ushahidi na mahali pa kuanzia.

Kigumu zaidi ni kukataa. Pendekezo laweza kuwa zuri, lakini kila kipengele kinachoongezwa kitadai mtunzaji miaka na miaka. Basi mchambuzi anaandika sababu, anataja njia nyingine ya kufikia lengo lile lile, anaonyesha pa kujadili zaidi, ndipo anafunga. Aliyejibiwa hapana kwa aya mbili zenye hoja ametendewa haki kuliko aliyeachwa miaka 10 bila jibu.

Utaratibu wenyewe una busara. Aliyeandika marekebisho haipitishi tiketi yake mwenyewe kuwa tayari kuingizwa. Sharti jicho la pili liikague. Na udhaifu wa kiusalama hauandikiwi tiketi ya wazi, hupelekwa kwa siri, ili wavamizi wasitangulie dawa.

Kazi hii ilibebwa na wanaojitolea hadi mwaka 2014, Django Software Foundation, taasisi inayoisimamia Django, ilipoanzisha mpango wa kuwalipa watu waifanye kila siku. Hata hivyo mlango haujafungwa kwa wengine, na kuchambua hakudai cheo. Hata barani Afrika Django ina watu wake: mkutano wao, DjangoCon Africa, ulifanyika Zanzibar mwaka 2023. Watumiaji tupo, wachambuzi tunaweza kuwapo pia. Chagua tiketi moja ambayo haijaguswa, jaribu kulitokeza kosa lake, kisha andika kwa ukamilifu ulichofanya na ulichokiona. Hata ukiandika kwamba kwako halitokei, umeisogeza foleni.