"Muhuri wa Muda" na Majedwali Mawili ya Mto Rufiji

Miongoni mwa istilahi zinazoenea kwa njia ya tafsiri za programu za kompyuta imo moja ambayo yafaa ichunguzwe upya kabla haijazoeleka, nayo ni "muhuri wa muda". Muda ni urefu: muda wa siku tatu, muda wa masomo. Kinachoandikwa kando ya kipimo ni nukta moja tu ya wakati. "Alama ya wakati" ingetosha, tena ingetuondolea huo muhuri, ambao kwa mtumishi wa ofisi ni idhini ya mkubwa wake.

Tuchukue mfano wa Mloka, kijiji cha Rufiji kilichoko chini ya bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Tuseme jedwali moja laonyesha maji yanayofunguliwa bwawani, na la pili vimo vya mto vinavyosomwa Mloka. Nyakati zake hazikutani sawasawa: huku 08:00, kule 08:07. Mhesabu hana budi kwanza kuondoa muda wa safari ya maji, kisha akipe kila kipimo cha Mloka kipimo cha bwawani kinachokikaribia kwa wakati. Hapa muda na wakati vyote viwili vyahitajika katika sentensi moja. Mfasiri aliyekwisha kulitumia neno la kwanza mahali pa la pili atasema nini?

Kazi hiyo yaweza kuitwa "kuunganisha kwa takriban". Kamba huunganishwa, vipimo huoanishwa. Na "takriban" haitaji upande. Kwa onyo la mafuriko, kipimo cha bwawani lazima kiwe kilichotangulia, maana hakuna aonywaye kwa kipimo ambacho hakijachukuliwa. Twapendekeza "kuoanisha kwa wakati uliotangulia". Ama "uvumilivu", unaotumiwa kutaja tofauti inayoruhusiwa, ni sifa ya mtu. "Ukomo wa pengo" ni wazi zaidi: ukiwa dakika 15, kipimo kisichopata cha kuoana nacho ndani ya dakika hizo kiachwe peke yake.

Mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, watu waliuliza kiasi gani kilitokana na mvua na kiasi gani na bwawa. Swali kama hilo halijibiwi kwa majedwali yaliyooanishwa vibaya, na hapo ndipo saa zetu zinapotaka uangalifu. Saa 2 ya asubuhi ni 08:00. Karani akiandika "saa 2" tu, mashine itasoma 02:00, yaani kosa la saa 6. Tena kwa wazee wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi huuita Alhamisi. Mwongozo wowote wa kazi hii na uagize kwamba kichwa cha kila jedwali kitaje kama saa zake zinahesabiwa toka usiku wa manane au toka mapambazuko na machweo.