Mama mwenye bakuli si mwombaji

Mama wa Kamina hahitaji karatasi ya kumweleza vyombo vya nyumba yake. Chungu cha bukari anakijua, mtungi wa maji anaujua, na chombo cha pombe hakichanganyi na vingine. Lakini chombo kikishavuka bahari na kuwekwa ndani ya kioo, hubandikwa karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo husema uongo.

Tutoe mfano mmoja unaotuhusu sisi. Katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, iko sanamu ya mti kutoka nchi ya Baluba: mama mwenye uso mrefu wa huzuni, ameshika bakuli mikononi. Wataalamu wanasema ni kazi ya fundi wa kijiji cha Buli, na uzuri wake hatubishani nao. Tunabishana na jina. Wazungu wa zamani walimwita «Mwombaji», kana kwamba anangoja sarafu mlangoni pa kanisa. Wengine waliandika kwamba mwanamke aliyekaribia kuzaa huiweka nje ili wapitao watie zawadi.

Baluba wenyewe huita chombo hicho mboko. Ndani yake hukaa mpemba, yaani udongo mweupe. Mgeni aliyefika kwa mulopwe alichukua mpemba, akajipaka kifuani na mikononi, ndipo akapiga magoti na kusema neno lake. Waganga wa kifalme nao walikuwa na mboko yao. Basi, wasomaji wapenzi, mama huyu haombi kitu: anatoa! Na kama ni mwanamke, si kwa bahati. Baluba walisema mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kutunza roho ya mfalme. Mfalme akifa, mwanamke aitwaye mwadi alishika nafasi yake. Kumwita mwombaji ni sawa na kuita kalisi ya Misa kikombe cha divai ya chakula.

Wachina walijikinga vema kidogo. Vyombo vyao vya ibada vilikuwa vya shaba iliyochanganywa na bati, navyo viliwalisha wazee waliokufa: ding yenye miguu mitatu au minne kwa nyama, gui kwa nafaka, jue kwa pombe, pan kwa kunawa mikono. Mwaka 1976 kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lilifunguliwa huko Anyang. Lilikuwa la miaka 1200 hivi kabla ya Kristo, na mlikuwa na vitu vya shaba zaidi ya 400, karibu nusu vyombo vya ibada. Tunajua ni lake kwa sababu jina lake limeandikwa juu ya shaba. Hata hivyo si majina yote ni ya asili: jina la jue lilitolewa na wasomi wa zama za Song, zaidi ya miaka elfu mbili baadaye. Kumbe nao walibandika karatasi.

Sisi hatukuandika juu ya udongo, lakini makaburi yetu yasema. Ukitoka Kamina kwa reli mpaka Bukama, kisha ukashuka mto Lualaba kwa mtumbwi, utafika Ziwa Kisale. Huko Sanga, Nenquin na Hiernaux walichimba mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka 1974. Wale wa kwanza walitazama hasa maumbo ya vyungu: vyenye mkono, vyenye mdomo wa kumiminia. De Maret aliuliza swali la mama wa nyumbani: ni vya nani? Akaona kwamba ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa marehemu; mtoto alipewa vidogo. Swali hili moja lilitufundisha kuliko michoro mingi.

Katika makaburi ya baadaye imo misalaba midogo ya shaba, na msomaji asidanganyike: haikuwa ya Kristo, ilikuwa shaba ya biashara.

Tunachokipenda kupita vyote ni kijiko cha moto, jiko dogo la udongo lenye nundu tatu za kushika chungu. Limezikwa pamoja na watu miaka karibu elfu moja iliyopita, na wavuvi wa ziwa hilohilo walionekana katika karne ya 20 wakipikia jiko la namna hiyo ndani ya mitumbwi yao.