Pongezi kwa waliouvuka Wami

Dereva wa zamani wa barabara ya Chalinze–Segera analijua daraja la Mto Wami la mwaka 1959: jembamba, magari kwa zamu, miteremko mikali pande zote. Jipya, lenye urefu unaozidi mita 500, lilianza kupitisha magari mwaka 2022. Nawapongeza wahandisi na mafundi wake, hasa kwa kazi isiyoonekana. Lori likiwa katikati ya nguzo mbili, boriti hubanwa juu na kuvutwa chini. Juu ya nguzo, kinyume chake. Zege huhimili kubanwa, ila likivutwa hupasuka. Dawa yake ni chuma: nyaya hukazwa ndani, zikalibana zege kabla mzigo haujafika. Wenye malori, nanyi msizidishe uzito.